Nazi Changa za Tantine Kaswera

Kila asubuhi Keren alifagia kiwanja, akachota maji kwenye kisima cha jirani, kisha akamweleza shangazi yake mambo aliyoyaona yamekosewa. Siku moja ufagio ulikuwa umefungwa vibaya. Siku nyingine ndizi zilikuwa zimefunikwa kwa majani yasiyofaa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu, lakini ujuaji wake ungetosha kugawiwa mtaa mzima na mwingine ukabaki.

Shangazi yake, ambaye watu wote wa mtaa wa Bungulu walimwita Tantine Kaswera, alimsikiliza akitabasamu. Alimpenda kwa sababu maneno yake yalikuwa mengi, lakini mikono yake haikuwa mivivu. Keren alikuwa ametoka kwao Mususa, mjini Butembo, kuja kukaa naye Beni wakati wa likizo. Baba yake alilima viazi na vitunguu kule milimani kwenye baridi, na binti aliijua kazi ya shamba kuliko watoto wengi wa mjini. Hilo hakuna aliyelikana, naye mwenyewe hakuacha kulikumbusha.

Ulikuwa mwaka ule ambao vita vilikuwa vimewaka upande wa Mambasa. Familia nyingi zilifika Beni kwa miguu, zikiwa na vifurushi kichwani na watoto mgongoni. Tantine Kaswera alikuwa amempa chumba mama mmoja aitwaye Tamar, aliyetembea msituni siku tisa na mwanawe Jéthro. Jéthro alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na meno manne tu ya mbele. Maji mabaya ya njiani yalikuwa yameliharibu tumbo lake. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa amesema dawa ameshaipata. Kilichobaki ni kumnywesha mara kwa mara na kumlisha vitu laini, kidogo kidogo. Akipungukiwa na maji mwilini, alisema, hali yake itakuwa mbaya upesi.

Makala, yaani makaa ya kupikia, nayo yalikuwa yameadimika, kwa sababu njia ya msituni yalikotoka ilikuwa imefungwa na askari. Mbabula ya Tantine, jiko lake la makaa, iliwashwa mara moja tu kwa siku, jioni, na hapo ndipo maji ya kunywa yalipochemshwa. Mchana watu walikula visivyohitaji moto: papai, parachichi, ndizi mbivu, na nazi.

Nazi huko Beni ni kitu cha kushangaza kidogo. Minazi mitatu ya Tantine ilipandwa na marehemu baba mkwe wake, mfanyabiashara aliyeleta mbegu kutoka Mombasa ndani ya lori la vitenge. Ilikaa miaka kumi na miwili bila kuzaa, majirani wakamcheka mzee wa watu mpaka wakachoka. Siku ilipozaa, wale wale waliomcheka ndio walioleta vikombe. Waliziita koko, nazo zikawa fahari ya mtaa.

Alhamisi moja Tantine na Tamar walipaswa kwenda kwenye ofisi ya kanisa, mahali wageni walipoandikishwa. Jéthro alikuwa amelala. Tantine alimwita Keren na kumpa kazi.

"Zorobabel atapita leo," alisema. "Umuambie aangushe koko changa mbili, zile za kijani. Mutoto akiamuka, akunywe maji yake kwanza. Kisha umupe ile nyama yake laini na kijiko."

"Ndiyo, Tantine," Keren akajibu.

Lakini moyoni hakukubali. Kule kwao, kung'oa kiazi kabla hakijakomaa ni aibu. Watu hudhani nyumbani kwenu mna njaa. Mtoto anayekula tunda bichi huumwa tumbo, hilo kila mama wa Butembo analijua. Tena shuleni kwake methali ilikuwa imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa: Mvumilivu hula mbivu. Keren aliamua kwamba Tantine, kwa wingi wa kazi, alikuwa amepitiwa. Alimhurumia, akaona atamsaidia bila kumwaibisha.

Zorobabel alikuwa mkata ngazi, yaani mvunaji wa matunda ya michikichi, mtu mzima mpole aliyepanda michikichi ya mtaa mzima kwa kitanzi cha kamba kiunoni. Alipofika chini ya mnazi aliuliza, "Changa ao zenye kukomaa?"

"Zenye kukomaa," Keren akasema.

Zorobabel alimtazama. "Ni Tantine alisema vile?"

"Kwetu hakuna mutu anavunaka kitu kichanga," Keren akajibu. Kwa kweli hilo halikuwa jibu la swali lake.

Zorobabel aliinua mabega, akapanda, akaangusha nazi nne kavu za rangi ya kahawia, kisha akaenda zake. Keren alihangaika na panga karibu saa nzima kuondoa makumbi. Ndani alikuta maji kidogo tu, akayamwaga, kwa kuwa aliyaona hayatoshi kumnywesha mtoto. Nyama ya nazi ilikuwa ngumu, basi akaikwangua kwa kopo lililotobolewa kwa misumari, akaichanganya na ndizi mbivu. Chakula kilinukia vizuri sana. Alikionja mara tatu ili kuwa na hakika.

Jéthro hakufurahi. Vipande vilimkwama kooni, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Alimeza kidogo, na punde akatapika chote. Keren alipomletea maji ya mtungini, alifunga mdomo na kugeuza uso. Baada ya hapo hakulia tena. Alilala begani kwa Keren, midomo mikavu. Keren aliogopa.

Kina mama waliporudi adhuhuri, Tamar alimchukua mwanawe na kumgusa paji la uso. Tantine aliuliza, "Alikunywa maji ya koko changa?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi, lakini Keren alifikiria jinsi atakavyoonekana, yeye mwenye kujua kila kitu.

"Alikunywa, Tantine. Akatapika."

Tantine alimgeukia Tamar. "Kama tumbo limekatala hata maji ya koko, donc ni ugonjwa ingine. Hapana kungoja. Tumupeleke hospitali kubwa."

Hospitali kubwa ilikuwa ng'ambo ya kizuizi cha askari, ile barrière, na asubuhi ile risasi zilikuwa zimesikika huko. Kila mtu alilijua hilo. Tamar alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akakaza fundo, akavaa kandambili zake. Mama aliyevuka msitu siku tisa ili amtoe mwanawe kwenye bunduki, sasa alikuwa anarudi kwenye bunduki kwa ajili ya mwanawe huyo huyo.

Walifika kwenye lango la kiwanja. Keren aliona kandambili ya kushoto ya Tamar, iliyokatika msituni na kushonwa kwa waya, na aibu ikamshika kuliko hofu.

"Tantine, hapana kwenda," alisema. "Mutoto hakukunywa koko changa. Nilimupa ya kukomaa, ya kukwangua. Nilikudanganya."

Alingojea kofi. Tantine hakuwa na wakati wa makofi. Alimtuma akamwite Zorobabel upesi, akamgeukia Tamar. "Tujaribu mpaka saa kumi. Akiendelea kutapika tutaenda, barrière ao hapana barrière."

Keren alikimbia hata akasahau kwamba hana viatu. Zorobabel aliacha sahani yake, akaja. Safari hii nazi ziliteremshwa kwa kamba, za kijani, nzito, zisizotoa sauti hata zikitikiswa. Tantine alikata juu kwa panga mara tatu, na maji yakajaa kikombe kizima.

Alimkabidhi Keren kikombe na kijiko. Kijiko kimoja, angoje. Kijiko kingine, angoje tena. Keren aliyezoea kuharakisha kila kitu alikaa mkekani akinywesha na kungoja, akinywesha na kungoja, na kwa mara ya kwanza tangu aje Beni hakumfundisha mtu yeyote jambo lolote. Saa tisa Jéthro alikishika kijiko mwenyewe na kukivuta. Tantine akakwangua ile nyama nyeupe, laini kama uji mzito, naye akaimeza bila kukohoa. Kabla ya saa kumi alimkojolea Keren sketi nzima. Hapajatokea mtu aliyefurahi namna ile kwa kukojolewa.

Tamar alicheka, kisha akalia. Alimshika Keren mkono na hakumlaumu. Ingekuwa nafuu kama angemlaumu.

Jioni Keren aliuliza afanye nini na zile nazi kavu, kwa maana aliona amezipoteza. Tantine alimwambia azikwangue zote, azichanganye na ndizi na karanga za kusaga, na kesho wazipelekee wakimbizi wakubwa walio kanisani. Wale walikuwa na meno na tumbo lenye nguvu, na nazi iliyokomaa ina mafuta ya kumtia mtu nguvu. Basi wakakaa wawili, mmoja akikwangua na mwingine akiponda ndizi, na hapo ndipo Tantine aliposema.

"Ile methali yenu haina kosa, mwanangu. Lakini haikusema mbivu ni ya kila mutu. Koko changa iko na kazi yake, na ya kukomaa iko na yake. Kama hukujua, sikulaumu, Butembo hakuna koko. Ungeniuliza tu. Ile ujuaji yako iliumiza tumbo ya mutoto. Lakini uongo wako ulitaka kupitisha mama yake mbele ya bunduki. Leo ulisema kweli kwenye lango, na ilikuwa bado mapema. Usingoje tena kufika kwenye lango."

"Nimesikia, Tantine," Keren akasema, na safari hii alikuwa amesikia kweli.

Wiki iliyofuata Zorobabel alipita tena. Jéthro alikuwa akitambaa kiwanjani akifukuza kuku. Mkata ngazi alifunga kitanzi chake, akapanda mpaka juu, akauliza kwa sauti, "Changa ao zenye kukomaa?"

Keren alikuwa na jibu tayari mdomoni, tena safari hii lilikuwa sahihi. Alilimeza.

"Ungoje kidogo, Papa Zorobabel," alisema. "Niulize kwanza."