Kipande cha Kuagia

Magharibi ile Bi Barke alimtuma Johari mafuta ya taa. Umeme ulikuwapo, lakini Mishomoroni mtu hangoji ukatike ndipo akumbuke kibatari. Johari, na digrii yake ya Nairobi, hakuamini pepo. Aliamini umeme, na kwa mtaa ule hiyo ndiyo iliyokuwa imani ngumu zaidi.

Aliiacha kompyuta ikipiga. Alitaka asikie akiwa njiani kama ngoma ya wimbo wa harusi aliokuwa akiutengeneza inachezesha.

Ngoma yenyewe ilikuwa ya marehemu Fondo, aliyempigia Bi Barke miaka mingi katika kumpunga pepo wake. Kabla hajafa, Johari alimkalisha mbele ya kinanda kilichounganishwa na kompyuta, mzee akaipiga kwa vidole. Kompyuta haikuhifadhi sauti. Ilihifadhi amri tu. Gonga hapa, kwa uzito huu, nyamaza. Kwenye kioo amri zile zilitokea kama vipande, vya kukata, kunakili na kupanga mfano wa matofali.

"Hiki cha kuita, hiki cha kuaga," Fondo alimwambia. "Usivitenganishe, mwanangu."

Johari alivitenganisha. Cha kuaga kilikuwa kizito, chachechemea, chaua mchezo. Alikifuta. Cha kuita akakinyoosha mpaka mapigo yakakaa sawasawa, akakinakili toka mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Wimbo ukanoga. Alasiri hiyo Dhahabu, aliyeuimba, alikuwa amekuja kuchukua kaseti za kwanza. Sasa Johari alikuwa akiurefusha tu kwa ajili ya harusi ya jirani.

Aliporudi na mafuta, harufu ya udi ilimpokea mlangoni.

Nyumba ile haikuwa na udi.

Bi Barke alikuwa amesimama katikati ya chumba. Bila bakora. Magoti yaliyoshindwa na kizingiti mwaka mzima yalikuwa yakipanda na kushuka... yakipanda na kushuka... na ngoma. Jasho lilimchuruzika. Midomo imekuwa ya majivu.

"Shangazi?"

"Hayupo." Sauti ilikuwa nene, ya kiume, isiyo na haraka. "Nimemkalia."

Johari aliurukia ubao wa vitufe wa kompyuta, akausimamisha wimbo. Kimya.

Miguu haikusimama.

"Mwaniita, naja. Nikifika, mwaniita tena. Kwenu hapaagwi mgeni?"

"Mwachie, tafadhali," Johari alinong'ona. "Ana moyo mbovu. Atakufa."

"Basi niage."

Kipande hakikuwapo tena. Johari aliketi kinandani, akakipiga kwa kukumbuka mkono wa Fondo ulivyoanguka. Kisha, kwa mazoea, akaiamuru mashine iyanyooshe mapigo.

"Huyo si Fondo," sauti ilisema. Miguu ikazidi mbio.

Akakipiga upya. Safari hii hakunyoosha kitu. Aliyaacha mapigo yachelewe, yachechemee, yaburure mguu. Akakipachika nyuma ya kile cha kuita, akakipigisha.

Bi Barke aliyumba. Akashuka mkekani kama kanga inayovuliwa. Harufu ya udi ikakatika.

"Johari." Sauti ilikuwa yake, nyembamba. "Nani kanisimamisha?"

"Hakuna, shangazi. Ulisinzia."

"Hata uongo hawakukufunza huko chuoni."

Johari akacheka kidogo, machozi yakimlenga. Akampa maji, akamtia bakora mkononi. Pumzi ya shangazi ikaanza kutulia.

Ndipo huko nje, nyuma ya ua wa makuti, kitufe cha redio kaseti kikalia... tak. Wanawake wakapiga vigelegele. Sauti ya Dhahabu ikapanda, na chini yake ngoma. Sawasawa. Haichechemei. Yaita, yaita tena, wala haiagi.

Kaseti ngapi zilitoka alasiri? Johari hakukumbuka. Alikimbilia dirishani awapigie kelele wazime.

Nyuma yake harufu ya udi ilikuwa imerudi.

Aligeuka. Bi Barke alikuwa akiilaza bakora yake sakafuni, taratibu, kama mtu asiyeihitaji.