Kengele ya Mama Mistari

Kila asubuhi, kabla ya masomo, kiranja wa darasa la sita alifuta ubao na kunyoosha madawati. Wenzake walimwita Mama Mistari, kwa jinsi alivyopenda kila kitu kinyooke.

Wiki ile alikuwa akisoma kitabu alichoazimwa na mwalimu. Kilisimulia habari za msafiri aliyefika katika mji wa miaka mia mbili ijayo, ambako watu waliamka, wakala na kuzungumza kwa amri ya kengele. Msafiri aliusifu mji ule hadi ukurasa wa mwisho.

“Mkaguzi wa shule akija kesho, nasi tutakuwa hivyo,” kiranja aliwaambia wenzake. “Mikoba yote nyuma. Hakuna kusimama wala kusema mpaka kengele ilie.”

“Na chafya je, Mama Mistari?” aliuliza rafiki yake, aliyeitwa Kicheko. “Tuiombee kibali?”

Walicheka, lakini amri ikapita.

Kesho yake mkaguzi alikuta kimya kitupu. “Darasa la mfano,” alimwambia mwalimu, huku akiandika.

Moyo wa kiranja ulijaa furaha, hadi alipomwona Kicheko. Mabega yake yalikuwa yakipanda na kushuka, na macho ameyakaza kwenye mkoba wake kule nyuma. Alikuwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa mkobani.

Kiranja aliitazama kalamu ya mkaguzi, akamtazama rafiki yake. Kisha akainuka, akakimbia nyuma, akapangua mikoba yote mpaka akaipata dawa.

“Vuta, dada. Vuta taratibu.”

Pumzi ilirudi kidogo kidogo. “Mbona hukusema?” kiranja aliuliza, machozi yakimlengalenga.

“Sikutaka kukuharibia,” alinong’ona Kicheko.

Mwalimu akamsogelea kiranja. “Mwanangu, yule msafiri wa kitabuni alikaa mjini siku ngapi?”

“Moja, mwalimu.”

“Akamuuliza nani habari za mji ule?”

“Mkuu wa mji tu.”

“Ndiyo maana alisifu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Utaratibu ni mwema, nami naupenda. Lakini umewekwa kwa ajili ya watu. Ukimzuia mtu kuomba msaada, si mwema tena.”

Mkaguzi alikata mstari aliouandika, akavuta kiti karibu na Kicheko.

“Haya, binti, niambie wewe. Darasa lenu likoje?”

“Lina kelele, mzee,” Kicheko alijibu akitabasamu. “Ila leo tulikuwa na mgeni.”