Mama wa Kidato cha Tatu

Kila Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, Kidoti alikuwa wa kwanza kutoka darasa la saba na kutimua mbio kwenda nyumbani. Si njaa iliyomkimbiza. Alikuwa anamkwepa mama yake, ambaye saa hiyo hiyo aliingia katika shule hiyo hiyo, yenye msingi na sekondari pamoja, daftari kwapani, akaelekea maabara kusoma kemia pamoja na wanafunzi wa kidato cha tatu, watoto aliowazidi zaidi ya miaka ishirini.

Mama alikuwa na shahada ya historia na kazi nzuri katika ofisi ya bima. Lakini bibi, mama yake baba, alipougua na kulala kitandani miezi minne, mama ndiye aliyemgeuza, akamwogesha na kumfunga vidonda. Baada ya msiba akatangaza kwamba anataka kuwa muuguzi. Chuo kikamwambia wazi kwamba bila kufaulu kemia hakimchukui. Mwalimu mkuu akamruhusu ahudhurie vipindi, mradi afanye kila jaribio kama wengine.

Jumapili moja baba mdogo, fundi redio, alikuja kumtoa mama wazimu huo kichwani. Alizungumza sana, mara umri, mara watu watacheka. Mwisho akauliza, "Shemeji, na digrii yako yote hiyo, unataka ukamwage mikojo ya watu?"

Mama hakuinua macho kwenye daftari. "Ya mama yenu niliimwaga miezi minne, wewe ukichungulia mlangoni. Sasa nataka kujifunza kazi hiyo vizuri. Kunywa chai, shemeji, inapoa."

Baba akakohoa kuficha kicheko.

Kidoti hakuwa na ujasiri huo. Walikuwa wamehamia mtaa ule karibuni, hivyo wenzake hawakumfahamu mama yake. Walipouliza yule mama ni nani, akawaambia ni mkaguzi kutoka wizarani. Uongo ukaota miguu. Wiki mbili baadaye monita wa kidato cha tatu alikuwa akimfutia mama kiti, naye mama akadhani ni malezi mema tu.

Kisha yakatoka matokeo ya jaribio la kwanza. Mama alipata thelathini na moja kwa mia. Shule nzima ikacheka kwamba mkaguzi kafeli. Wengine wakasema ni tapeli, neno likafika ofisini, na mama akaitwa aeleze kwa nini alijiita mkaguzi. Ilisemekana angefukuzwa.

Kidoti alimwona akivuka uwanja peke yake, kichwa juu. Angeweza kunyamaza, kwani hakuna aliyekumbuka nani alianzisha. Akamfuata hadi ofisini, akabisha hodi.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyesema hivyo. Huyu ni mama yangu. Niliona aibu."

Mwalimu mkuu akaamua mama aendelee na masomo, na Kidoti aseme ukweli mbele ya mstari wa asubuhi. Kesho yake alisimama mbele ya wote.

"Yule si mkaguzi, ni mama yangu. Ana shahada, na bado anasoma kemia kwa sababu anataka kuwa muuguzi. Anayetaka kucheka, aje anicheke mimi usoni."

Mvulana mmoja alianza kucheka. Kidoti akamkazia macho mpaka akanyamaza.

Tangu siku hiyo mama alihamia dawati la mbele na kumhoji mwalimu wa kemia kuhusu kila kosa, hata kengele ilipokwisha kulia. Nyumbani, Kidoti alimwuliza maswali huku wakiosha vyombo. Jaribio la pili lilikuwa arobaini na nane. Mwaka uliofuata, katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne, mama alifaulu kemia, na chuo kikampokea.

Asubuhi ya kwenda chuoni, Kidoti alimwuliza kama alikuwa amemsamehe.

"Zamani," mama alisema, akifunga kamba za viatu. "Lakini sikiliza, mwanangu. Mimi nilifeli mbele ya watu, kwa hiyo nilionyeshwa nilipokosea, nikarekebisha. Wewe ulificha. Kitu ulichokificha, nani atakusaidia kukirekebisha?"

Akachukua mkoba wake, akatoka upesi. Siku ya kwanza hakutaka kuchelewa.