Gauni Lisilo na Maua

Kila asubuhi, kabla sijatoa mkokoteni wangu nje, napaka grisi kwenye magurudumu. Kisha nakunywa chai. Binti yangu anakunja blanketi, anafagia, anavuta pazia linalogawa upande wake na upande wangu. Tuko wawili tu. Mama yake alifariki miaka minne iliyopita. Dawa ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi, lakini kwenye kabati la hospitali haikuwemo. Nilimuuliza mkubwa wao kwa nini. Akaniambia nijaze fomu.

Basi, hayo tuyaache. Hadithi hii ni ya nguo.

Jumanne moja binti yangu hakufagia. Alikuwa amekaa kitandani, ameshika simu yake yenye kioo kilichopasuka.

"Baba, wameniita!"

"Nani kakuita?"

"Duka la miwani. Naanza Jumatatu. Wiki moja ya majaribio. Nikifaa, wananichukua."

Nilifurahi mpaka chai ikanipalia. Alikuwa ametafuta kazi miezi minane. Lakini nilipomtazama vizuri, niliona furaha yake imeishia njiani.

"Sasa mbona umekunja uso?"

"Mwenye duka anataka nivae nguo zilizotulia. Rangi moja, bila mapambo. Tazama watu wanavyovaa siku hizi."

Akanionyesha simu. Msichana amevaa gauni la rangi ya udongo mkavu. Halina ua. Halina marinda. Halina hata mfuko. Picha ya pili, shati jeupe na suruali nyeusi. Picha ya tatu, shati lilelile na sketi ya kijivu.

"Huyu naye hana shati jingine?"

Akacheka. "Ndio mtindo wenyewe, baba. Nguo chache, zimetulia, na zote zinapatana."

"Na bei?"

Akanitajia bei ya lile gauni. Nikamwomba arudie. Akarudia. Ilikuwa ileile.

Siku nzima nilisukuma mizigo huku nawaza. Gauni la maua lina maua. Hili halina. Wameondoa kitu, kisha bei imepanda! Nilipita mtaa wa maduka makubwa, nikasimama mbele ya kioo. Gauni lilikuwa mle ndani, limevalishwa sanamu isiyo na kichwa. Nikalitazama juu mpaka chini. Mlinzi akaja.

"Mzee, unataka kununua?"

"Nataka kujua."

"Hapa hatuuzi kujua. Sogeza mkokoteni."

Jioni binti yangu alitandaza nguo zake zote kitandani. Gauni la zambarau lenye maua. Blauzi ya rangi ya chungwa yenye marinda shingoni. Sketi ya vipepeo. Alizinunua mitumba, moja moja, kwa kujinyima. Siku hizo alizipenda.

"Nikienda na vipepeo hivi, hata saa nne sifiki," alisema. "Watanirudisha nyumbani."

Hapo nikajitia ujuzi. Lazima niseme ukweli, kosa lilikuwa langu.

"Shida ni rangi tu?" nilisema. "Basi tunazitia rangi nyeusi zote."

"Baba, unajua kutia rangi?"

"Mimi? Miaka kumi na tisa kiwandani!"

Ni kweli. Nilifanya kazi kiwanda cha nguo. Nilisukuma magari ya vitambaa kutoka kwenye mitambo ya kufuma hadi chumba cha rangi. Kila siku niliona kitambaa kinaingia cheupe, kinatoka cheusi. Kiwanda hakipo tena. Wakubwa walisema mitambo inapelekwa kutengenezwa. Ikapakiwa kwenye malori, ikaondoka. Mpaka leo inatengenezwa.

Jumatano tulinunua rangi ya unga. Tukachemsha maji kwenye sufuria kubwa. Tukatia rangi, tukatia chumvi, tukazamisha nguo zote. Nilikoroga kwa mti kama bwana mkubwa. Baada ya saa moja nikasema, "Toa uone."

Akatoa gauni. Maua yalikuwa bado yapo, yanatutazama. Zambarau ilikuwa imegeuka rangi ya maji ya kudekia. Blauzi ilikuwa na mabaka. Nyuzi za mishono zilibaki na rangi yake ya chungwa. Na vipepeo, maskini, walionekana wagonjwa.

Binti yangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Sasa sina hata zile za zamani," alisema.

Tulipomaliza kuzianika, mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yetu, fundi wa cherehani. Mtaani wanamwita Fundi Kimya, kwa sababu hajawahi kunyamaza. Alikuwa rafiki mkubwa wa marehemu mke wangu, kwa hiyo mimi ni shemeji yake.

"Shemeji, mnapika nini? Harufu imefika mpaka kwangu!"

Akaona nguo zinachuruzika kwenye kamba. Akashika kiuno.

"Nani kafanya haya?"

"Mtaalamu wa kiwanda," binti yangu alisema.

Fundi alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaona macho ya mtoto, akaacha. "Jumatatu ndiyo siku ya kazi, sivyo? Leo Jumatano. Bado tupo. Niletee sahani yenye maji, kiberiti na koleo la jikoni."

Alichomoa nyuzi chache kwenye gauni lililoharibika, akazikamua kwa kitambaa mpaka zikakauka. Akazishika kwa koleo juu ya sahani. Akawasha kiberiti.

"Tazameni uzi, msinitazame mimi."

Nyuzi zilijikunja, zikayeyuka. Ikabaki punje nyeusi. Ilipopoa akanipa niishike. Ngumu kama jiwe dogo.

"Inanuka plastiki," binti yangu alisema.

"Kwa sababu ni ndugu yake plastiki. Hii ni poliesta. Uzi wake unatengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Rangi hii ya unga ya kununua dukani haiushiki. Ungechemsha mpaka kesho, shemeji, ungepoteza mkaa tu."

Kisha akakata uzi kwenye kitambaa chake cha kichwa, akauchoma. Huu haukuyeyuka. Uliwaka taratibu, ukanuka karatasi iliyoungua, ukaacha majivu laini ambayo yalipeperuka nilipopumua.

"Hii ni pamba. Pamba inakunywa rangi. Lakini mjaribu kwa nyuzi mbili tatu tu, juu ya maji, mbali na pazia. Msije mkachoma nyumba mkasema Fundi Kimya ndiye aliyewatuma."

"Lakini kiwandani kila kitu kilishika rangi," nilibisha.

"Kiwandani kwenu mlifuma nini?"

Tulifuma pamba. Pamba tupu, miaka kumi na tisa. Sikuwahi kujiuliza.

"Funga macho, shemeji."

Nikafunga. Akaniwekea kitambaa mkononi, kisha kingine, kisha kingine. Nikasugua kwa kidole gumba. "Hii pamba. Hii sio. Hii pamba, lakini imechanganywa." Nilipofumbua macho, wote wawili walikuwa wananikodolea macho.

"Zote umepata," Fundi alisema. "Mkono wako unajua. Ni mdomo ndio uliotangulia."

Hapo nikamsimulia habari za yule mlinzi wa dukani, nikamuuliza lile lililonisumbua tangu jana. Kwa nini gauni lisilo na kitu linauzwa ghali?

"Swali zuri. Njoo." Akachukua ile blauzi ya chungwa, akaigeuza ndani nje. "Ona mshono ulivyopinda. Ulipokuwa unaivaa nani aliona? Hakuna. Macho yalikuwa kwenye marinda. Maua na marinda yanaficha kazi mbaya. Nguo tupu haina pa kujificha. Mshono ukipinda, unaonekana. Kitambaa kikiwa chepesi, kinaonekana. Kwa hiyo lazima kiwe kizuri na kishonwe vizuri."

"Ndiyo bei yote ile?"

"Hapana! Nusu ni kazi. Nusu ni kioo cha dukani na yule mlinzi aliyekufukuza. Hiyo nusu ya pili sisi hatuihitaji."

Akamgeukia binti yangu. "Sasa nataka pamba nzito. Humu ndani ipo?"

Binti yangu alitazama sanduku lililo chini ya kitanda changu.

"Hapana," nilisema.

Mle ndani yalikuwepo makoti yangu mawili ya kazini. Marefu, ya kijivu, pamba nzito. Tuliyafuma wenyewe, yakashonwa palepale. Siku kiwanda kilipofungwa tuliondoka nayo mwilini, bila barua na bila asante. Niliyatunza. Nilitaka siku wakubwa wale watakapoitwa kujieleza, niende nimevaa koti langu, nisimame mbele yao.

Nikamweleza Fundi hivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, bila dharau:

"Wanaitwa lini, shemeji?"

Nikaanza kuhesabu miaka kwa vidole, nikaacha.

"Basi binti anaitwa Jumatatu."

Nililivuta sanduku mwenyewe.

Alhamisi yote cherehani ililia. Fundi aliyafumua makoti, akaosha vitambaa kwa sabuni ili mafuta ya mashine yatoke. Cha koti moja akakitia rangi nyeusi, na safari hii nilikoroga kwa adabu. Akanifundisha nilichokuwa sijui. Kitambaa kinaingia kikiwa kimeloa maji safi, ili rangi ienee sawasawa. Kinakorogwa bila kuachwa. Kinasuuzwa mpaka maji yatoke masafi. Kinaanikwa kivulini. Kilitoka cheusi kabisa. Nyuzi za mishono mipya alizinunua nyeusi.

Kitambaa cheusi kikawa sketi iliyonyooka. Cha kijivu kikawa kizibao kisicho na mikono.

Ijumaa tulikwenda mitumba, sisi watatu. Fundi alisema hatuchagui kwa macho peke yake. Geuza nguo, tazama mishono. Inyanyue kwenye mwanga, uone kama inaonyesha mwili. Ikunje ndani ya ngumi, uhesabu mpaka kumi, uachie, uone inavyojikunja. Ivae, nyoosha mikono, inama, kaa, kwa sababu kazini mtu hasimami kama sanamu ya dukani.

Binti yangu aliliona gauni la rangi ya udongo, karibu sawa na lile la kwenye simu. Akalikumbatia.

"Litavaliwa na nini?" Fundi aliuliza.

"Na viatu."

"Ni zuri, mwanangu, sikatai. Lakini ukilivaa Jumatatu, Jumanne unavaa nini?"

Binti yangu alilishika muda mrefu. Akalirudisha, akageuka nyuma mara mbili. Tukanunua blauzi moja ya rangi ya maziwa na shati moja la buluu iliyopauka. Basi.

Nyumbani Fundi alipanga nguo kitandani. Shati jeupe la shule, ambalo alilikata kola. Blauzi ya maziwa. Shati la buluu. Chini yake sketi nyeusi na suruali ya buluu nzito ambayo binti yangu alikuwa nayo tangu zamani.

"Za juu tatu, za chini mbili. Kila ya juu inakubaliana na kila ya chini. Ni siku ngapi?"

Tukahesabu kwa kuzisogeza. Siku sita. Na kizibao ukikivaa juu, zinaonekana kama nguo nyingine tena. Binti yangu akaanza kuzipanga upya na upya kama mtoto anayecheza na vigae. Nami nikawa nimeinama pale pale, nabisha kwamba ile ya maziwa inakaa vizuri zaidi na suruali. Nani angeamini?

Jumatatu akaondoka na sketi nyeusi, shati jeupe, kizibao cha kijivu. Mchana nilipitisha mkokoteni mtaa wa duka la miwani. Haukuwa njia yangu. Nilimwona kupitia kioo ameinama kwa mteja mzee, anamwekea miwani taratibu masikioni.

Jioni sikumpa nafasi ya kuvua viatu.

"Mwenye duka kasemaje kuhusu nguo?"

"Hakusema kitu, baba."

"Hakusema kitu?"

"Wala hakuzitazama. Aliniuliza kama naweza kusoma namba ndogo za kwenye vioo. Nikazisoma. Akasema, basi kaa mbele, upokee wateja."

Niliudhika. Kazi yote ile, koti langu, mkaa, vidole vya Fundi, halafu mtu hatazami! Nikaenda kushtaki kwa jirani.

Fundi alipiga makofi. "Si ndicho tulichotaka? Angetazama nguo, asingemwona mtoto. Amemwona mtoto!"

Jumamosi wiki ya majaribio ikaisha. Binti yangu alirudi na karatasi ya ajira yenye muhuri. Alinisomea yote, mpaka maandishi madogo ya chini. Nilimfanya asome mara mbili, kwa sababu mimi nazijua karatasi za wakubwa. Hii ilikuwa safi.

Wiki iliyofuata wasichana wawili wa duka la jirani walimuuliza ile sketi kainunua wapi. Akawaleta kwa Fundi Kimya. Sasa Fundi ana kazi nyingi, na anahitaji pamba nzuri ya mitumba. Hana muda wa kuitafuta. Ananituma mimi.

Juzi nilikuwa kwenye meza ya muuzaji, nasugua shati moja kwa kidole gumba, nimefumba macho. Muuzaji alivumilia, akavumilia, akashindwa.

"Mzee, unalinunua shati au unalisalimia?"

"Tulia kijana," nilimwambia. "Ndiyo kwanza nauliza habari za nyumbani kwao."

Nikaligeuza ndani nje, nikaanza na mshono wa kwapa.