Sema Huna

"Wakikuuliza kama una ugonjwa wowote, sema huna."

Lengai aliondoa kitambaa cha barafu shavuni. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja, jicho limebaki dogo.

"Kandida, hiyo kliniki si ndiyo unayofanya kazi wewe?"

"Ndiyo maana najua ninachokuambia."

Walikuwa wamekaa barazani kwa Lengai, mtaa wa Elerai. Lengai ni mwalimu wa hesabu, Kandida ni daktari wa meno. Tangu mwanzo wa mapenzi yao Lengai alimwambia ukweli: anaishi na virusi vya Ukimwi, anameza dawa kila siku, na kipimo hakivioni virusi tena. Kandida alisema sawa, na kweli ikawa sawa. Mpaka jino la Lengai lilipoanza kuuma.

"Ukisema ukweli Dokta Romanus atakuweka wa mwisho, halafu atavaa glavu mbili mbili."

"Na wewe huwa unavaa ngapi?"

Kandida aliutazama Mlima Meru kama ndiyo kwanza anauona.

"Mbili," alisema.

"Na Jumapili ukinishika mkono kanisani?"

"Usinifanyie hivyo, Lengai."

"Basi nitibu wewe."

"Wataniuliza wewe ni nani wangu."

Lengai aliinuka taratibu.

"Wazee wangu wanakuja kwenu Jumamosi kuposa. Nenda ukafikiri kama waje."

Asubuhi Kandida aliwahi kumtumia ujumbe: "Usije huku. Nimekupatia kliniki nyingine, hawanijui."

Jibu likaja: "Nipo kwenye benchi lenu. Nimeshaulizwa. Nimesema ukweli."

Kandida akafungua mlango wa chumba chake cha matibabu. Dokta Romanus alikuwa amemwinamia Lengai, anaongea chini chini.

"Kaka, rudi saa kumi, wenzako wakishamaliza."

"Na shavu hili? Kwa nini saa kumi?"

"Tupate nafasi ya kusafisha vyombo vizuri."

"Kwani vya hawa wa asubuhi mnavisafisha vibaya?"

Mama mmoja aliyeshika taya akageuka.

"Dokta, hapo hata mimi nataka jibu."

Mtu akacheka, kisha akajishika shavu kwa maumivu. Romanus hakuwa mkatili. Alikuwa anafanya kama alivyowakuta waliomtangulia wakifanya, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kandida akawasogelea.

"Dokta Romanus, huyu niachie mimi."

"Ni mgonjwa wako?"

"Ni mchumba wangu. Jumamosi anakuja kwetu na wazee, kama bado ananitaka."

Romanus akamvuta pembeni.

"Kandida, huyu ameniambia kwamba..."

"Nilijua kabla yako. Vyombo vya asubuhi na vya jioni vinapita mashine ile ile, joto lile lile. Kama hatuiamini, tuwarudishe wote hawa makwao."

"Mimi nilikuta utaratibu huu."

"Hata mimi niliukuta, nikaufuata. Leo siufuati."

Ndani, nesi Skolastika alikuwa ameshaandaa glavu jozi mbili, kwa mazoea.

"Moja inatosha, dada."

"Na wengine kama yeye wakija?"

"Moja. Na wanaitwa zamu yao ikifika."

Akampiga Lengai sindano ya ganzi, akasubiri, akaling'oa jino. Lilikuwa bishi kama mwenyewe. Akamwekea pamba aing'ate, akamwinamia.

"Nilikuonea aibu," alimwambia. "Si ugonjwa wako. Niliogopa watakachosema. Waje au wasije, wazee?"

Lengai hakuweza kusema, mdomo umejaa pamba. Akatoa simu, akaandika polepole. Simu ya Kandida ikatetema kwenye mfuko wa koti lake jeupe.

"Wanakuja. Mama yako akiniuliza kuhusu afya yangu, usinifundishe cha kusema."

Kandida akavua glavu, akamshika mkono.

"Sikufundishi. Nitakaa karibu yako wakati unamjibu."