Mkono wa Kulia Unanukia Nani?

"Huyu ni nani?"

Fundi cherehani aliinua macho. Mchumba wake, nesi, alikuwa ametoka zamu na hata mkoba hajautua. Ameushika mkono wa kulia wa shati alilovaa fundi, kaubandika puani.

"Nani tena, mpenzi?"

"Usinizuge! Marashi yangu nayajua. Maua ya mchungwa na miski, mepesi kama shuka lililotoka kuanikwa. Haya ni asumini, mazito. Haya ni ya mtu!"

Na yalikuwa matamu, hapo ndipo palipomuuma. Pasi ilikuwa imekitia chumba joto, gauni lake la harusi limetundikwa ukutani, na ile asumini inaelea taratibu, inambembeleza huku amenuna. Nusura afumbe macho.

Simu ya fundi ikalia mezani. Nesi akaiwahi.

*Ile ya usiku imefika. Njoo peke yako, mchumba asijue.*

"Ya usiku! Kumbe mimi ni wa mchana?"

"Ngoja nikueleze..."

"Jumamosi hakuna harusi!"

Akavua pete, akaitupa kwenye kopo la vifungo. Machozi yakimlengalenga, akaipiga namba ile.

"Wewe dada, huna haya?"

"Dada?" Sauti nzito ikakohoa. "Mimi mzee muuza manukato, mwanangu."

Nesi akanywea.

"Shi... shikamoo, babu."

"Marahaba. Uko hapo kwa fundi? Mwambie chupa ya asumini imefika. Bibi harusi asisikie, nakuomba. Ile yake ya mchungwa aendelee nayo mchana, kazini, haimkeri mgonjwa. Hii ya asumini inataka jioni na ngozi yenye joto. Tone moja shingoni, basi. Zote zina miski nyeupe, ila ya kwanza inaaga mapema. Hii ya pili inalala na wewe."

Nesi akamgeukia fundi, sauti imekuwa ndogo.

"Sasa kwenye shati lako yanatafuta nini?"

"Mimi fundi, kila kitu najaribu kwenye kitambaa kwanza. Asubuhi nilipuliza haya kulia, kutoka kichupa cha kujaribia alichonipa babu, yako kushoto, nione yapi yatafika usiku. Wewe umenusa mkono mmoja tu."

Akamnyooshea wa kushoto. Nesi akainama. Maua ya mchungwa yalikuwa yamebaki kidogo sana, kama yeye mwenyewe anaporudi kutoka kazini amechoka.

"Huyu ni mimi," akanong'ona.

"Na wa kulia ni wewe pia. Jumamosi, wageni wakishaondoka."

Nesi akacheka huku analia, akajilaza kwenye ule mkono wa kulia, na safari hii akafumba macho kabisa. Fundi akapapasa kopo la vifungo, akaitoa pete, akamvisha polepole.

"Haloo?" Simu ilikuwa bado hewani. "Chupa niiuze?"

"Usiiuze, babu! Nakuja kuichukua sasa hivi."

"Nilisema aje fundi peke yake. Wewe nani?"

Nesi akaitazama pete yake.

"Mimi ndiye wa usiku."