Sikio la Fundi wa Mapazia

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, saa nne asubuhi, ikiwa na watu saba na furushi moja la mapazia. Watu sita walitoa simu janja zao kwa mpigo mmoja. Vioo vikang'aa, vidole vikapangusa juu na chini, lakini mtandao haukuwepo hata wa dawa. Bwana mmoja mwenye tai nyekundu aliinua simu yake hadi darini, akaishusha hadi magotini, akasonya. Mama mmoja mwenye mkoba wa ofisi akafumba macho na kuanza kusali kwa sauti.

Wa saba, mwenye furushi, alikuwa fundi wa mapazia. Alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na pini tatu zimechomekwa kwenye ukosi. Aliingiza mkono mfukoni akatoa kisimu cha vibonye, kimefungwa mpira tumboni ili betri isichomoke. Akawasha tochi yake, akamulika kibao cha ukutani, akasoma namba ya dharura, akapiga. Ikaita! Wale sita wakamtazama kwa macho ya watu waliotapeliwa dukani.

"Haloo, fundi wa lifti hapa."

"Haloo, kaka. Tumekwama lifti ya kushoto, kati ya nne na tano. Tuko saba. Mmoja anasali, mmoja amenuna, waliobaki wazima."

Upande wa pili kikasikika kicheko. "Na wewe uko kundi gani?"

"La waliochelewa kumpelekea mteja mapazia. Fanya haraka."

"Nakuja. Usikate, endelea kuniongelesha. Na huyo anayesali mwambie amesikiwa."

"Aliyeombwa siyo wewe, kaka. Wewe lete bisibisi."

Mlango ulifunguliwa baada ya dakika kumi na mbili. Kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu na grisi kidevuni aliinama, akapokea furushi kwanza, halafu mkono wa mwenye furushi. Alipotabasamu, kishimo kikajichimba kwenye shavu lake moja.

"Kumbe ndiyo wewe mwenye ile sauti," alisema.

"Kila mtu ana sauti, kaka."

"Zipo nyingi, ndiyo. Hiyo ni moja."

Dada wa watu akajifanya anahesabu pini zake. Lakini namba ilikuwa imeshabaki kwenye simu, na mchana huohuo fundi wa lifti akapiga kuuliza kama mteja aliyapenda mapazia. Kesho yake akauliza tena, kuhusu mapazia yaleyale. Siku ya nne akaona aibu, akauliza kuhusu yeye mwenyewe.

Mapenzi yao yakashika. Kila jioni kijana alipita kwenye karakana ya dada, akakaa juu ya kiroba cha vitambaa na kumtazama akikata. Na kweli, dada alikuwa wa kutazamwa. Aliingia nyumba ya mtu, akaliangalia dirisha mara moja tu, akajua kama linataka kitambaa kizito au chepesi, na jua linaingia saa ngapi. Halafu ukizungumza naye, alikutazama wewe. Siku hizi mtu wa namna hiyo ni wa kutafuta kwa kurunzi, na fundi wa lifti alijua amepata.

Hata hivyo, walikuwa na ubishi mmoja usiokwisha.

"Laazizi, nunua simu janja. Nikutumie picha yangu."

"Picha ya nini, na wewe kila jioni umenikalia kwenye vitambaa vyangu?"

"Basi kwa ajili ya wateja. Wakutumie vipimo."

"Thubutu! Mteja akipima mwenyewe, pazia linaishia njiani kama kaptula. Dirisha lazima nilione mimi."

Sababu ya kweli haikuwa kaptula. Kaka yake mkubwa alikuwa na simu kubwa kama sahani, na kila alipokuja kumsalimu mama yao alikaa saa mbili ameinamia kioo, akala, akaaga. Siku moja mama alisema, kwa utani lakini bila kucheka, kwamba huyu mwanawe anamjua utosi tu. Binti aliyasikia maneno hayo, akaapa hatakuwa mtu wa utosi.

Kisha kampuni ikampeleka fundi wa lifti mji mwingine, mbali, safari ya siku nzima kwa basi, kufunga lifti kwenye majengo mapya. Wakaagana kituoni, yeye na begi lake la vifaa, dada na macho mekundu aliyoyasingizia vumbi.

Mwezi wa kwanza kisimu cha vibonye kilitosha. Wa pili kikatosha kwa shida. Mwezi wa nne, akiwa anapinda pindo la pazia la hospitali, fundi wetu alishtuka akaacha kushona. Sauti ya mpenzi wake aliikumbuka yote, hadi anavyokohoa kabla ya kutania. Lakini kile kishimo kilikuwa shavu gani? La kulia au la kushoto? Alifumba macho akatafuta, hakukipata. Alilia palepale, mguu ukiwa bado juu ya pedali ya cherehani.

Jumatano hiyo akanunua simu janja. Mama yake, ambaye saa ya ukutani ilimshinda kuirekebisha miaka yote, aliielewa simu ile ndani ya siku mbili. "Hii unasukuma hivi, hii unagusa hivi," alimwelekeza bintiye, miwani ikiwa puani. "Acha kuibonyeza kwa nguvu, siyo kengele ya mlango."

Simu ya kwanza ya video waliipanga Jumamosi saa kumi jioni. Dada alivaa gauni la njano lenye mikono mipana, akapaka wanja, akavaa hereni ndogo za duara. Kule mji wa mbali, fundi wa lifti alivaa shati jeupe, akachana nywele mara tatu. Alikuwa na jambo zito. Kampuni ilimtaka abaki huko miaka miwili zaidi, na jibu lilitakiwa Ijumaa. Akikataa, nafasi yake ya zamani ilishapewa mtu mwingine. Akikubali peke yake, alijua mapenzi ya simu miaka miwili ni mtihani. Alitaka kumwomba awe mke wake, amfuate. Kosa lake lilikuwa moja: wenzake watatu wa kazini walikuwa wamekaa kitandani mwake, naye hakuwatoa.

Simu ikaita. Na dada, kwa mazoea ya miaka kumi, alibonyeza kijani, akaiweka sikioni.

"Haloo, mpenzi!"

Fundi wa lifti akaisogeza simu karibu. Kioo chake kizima kilijaa sikio.

"Unanisikia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nakusikia mno, hii simu inapiga kelele kama mnada! Wewe unaniona?"

"Naona. Naona sana."

"Nimependeza?"

"Tangu nizaliwe sijaona kitu kizuri hivi."

"Sema tena."

"Kizuri mno. Kiduara kile cha dhahabu... Usijisogeze, mpenzi. Kaa hivyohivyo."

"Lakini mimi sikuoni. Labda ni mtandao."

Mara kicheko cha wanaume kikalipuka, kicheko cha kupiga mapaja. Dada akaitoa simu sikioni na kuitazama. Kwenye kipembe cha kioo aliliona sikio lake likimkimbia, na nyuma ya mpenzi wake wanaume watatu wameshika mbavu. Akaelewa. Uso ukamwaka moto hadi shingoni. Akakata.

Amenigeuza kichekesho, aliwaza. Alijua tangu mwanzo, akanyamaza, akaniita kizuri mbele ya watu ili wacheke vizuri. Kilichomuuma zaidi, alikuwa amejipamba. Akaitupa simu janja kwenye droo ya nyuzi. "Kitu chenyewe hakina faida," alimwambia mama yake. Kisimu cha vibonye kikaita mara sita jioni ile, naye akakigeuza kifudifudi.

Jumapili hakupokea. Jumatatu hakupokea. Jumanne ukaja ujumbe: *Nisamehe. Nina jambo kubwa la kukuuliza, mwisho Ijumaa.* Aliusoma mara nne, na kila mara aliposogeza kidole kujibu alikisikia kile kicheko. Alikata kitambaa cha mteja kifupi kwa shibiri nzima, kosa ambalo hakuwahi kulifanya tangu ashike mkasi.

Alhamisi alasiri alirudi kutoka kupima madirisha ya shule. Mlangoni akasimama. Sauti aliyoijua ilikuwa inatoka sebuleni kwao.

"Shikamoo tena, Mama."

"Marahaba. Umeshaniamkia mara tatu, inatosha. Sasa geuza simu nikione hicho chumba."

Mama alikuwa amekaa kitini, simu janja ameishika mbali kwa urefu wa mkono, waya wa chaji ukining'inia. Alikuwa ameitoa kwenye droo siku ya pili yake, akaichaji kimya kimya.

"Hizo sahani mbili ni za nani?"

"Zangu, Mama. Moja nalia, moja nafunikia."

"Hm. Na hiyo kanga nyuma ya mlango?"

"Ni taulo, Mama."

"Sogea. Sawa, ni taulo. Na dirisha mbona limebandikwa magazeti? Huko hawauzi mapazia?"

"Wanauza. Lakini mimi fundi ninayemjua ni mmoja, na hapokei simu."

Mama akakohoa. Bila kugeuka, akasema, "Ingia basi, mwanangu, mlango unapitisha vumbi." Akamkabidhi bintiye simu, akahamia kiti cha pili, hatua mbili tu, pa kusikia vizuri.

Walitazamana. Fundi wa lifti alikuwa amekonda kidogo.

"Umenifanya kichekesho kwa watu," dada alisema.

"Walinicheka mimi."

"Nilisikia kwa masikio yangu."

"Ulisikia. Sasa nikwambie walichokiona. Uliponiambia hunioni, nilisogea nikalibusu lile sikio. Kwenye kioo, mdomo wangu wote. Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kitandani. Mpaka leo kazini wananiita Bwana Kioo."

Dada aliuma mdomo. Mama kule kwenye kiti akajifunika uso kwa upande wa kanga.

"Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Ningekuambia, ungeitoa. Miezi minne, mpenzi, sijaona hata kisigino chako. Nimepata sikio, niliachie? Kosa langu ni kutowatoa wale watu. Hilo nakuomba radhi, mbele ya Mama. Sikutakiwa kukuona na watu wengine."

Alisema hivyo na kutabasamu kwa woga, na kishimo kikajichimba.

"La kushoto," dada alinong'ona.

"Nini?"

"Kishimo chako. Kiko shavu la kushoto. Nilikuwa nimesahau." Machozi yakamtoka, safari hii bila vumbi la kusingizia. Alikishika kile kioo kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika uso wa mtu. Aliyoyasema juu ya simu janja yalikuwa ya kweli, wala hakuyafuta. Kaka yake alikuwa bado utosi. Lakini shavu lile lilikuwa mbele yake, lina jasho, lina kijeraha cha wembe wa asubuhi, na kwa sauti peke yake asingelipata.

"Niulize hilo jambo lako," alisema. "Kesho Ijumaa."

Akamweleza yote, kampuni, miaka miwili, jibu. Halafu akakohoa, lakini hakutania. "Nitasaini mkataba kama utakuja. Usipokuja, narudi huko nianze kutafuta kazi upya, sina neno. Nataka uwe mke wangu. Nakupenda, na nimechoka kukupenda kwa mbali."

"Na karakana yangu? Na wateja wangu?"

"Jengo langu lina ghorofa kumi na mbili, laazizi, na madirisha yake yote yako uchi."

"Na hawa wa huku, nimewajenga miaka!"

"Wa huku nitawapimia mimi," mama alidakia kutoka kitini. "Nitakuonyesha dirisha kwenye simu, wewe utanielekeza. Kwani nimeshindwa nini hadi sasa?"

Dada akamwangalia mama yake, kisha akaangalia kioo. Hatimaye akavuta daftari lake la oda, akachomoa kalamu.

"Una futi?"

"Futi?"

"Ya chuma, ya kazini. Bandua hayo magazeti, upime dirisha. Mimi nakuangalia."

"Ina maana..."

"Usipime kioo, pima kuanzia bomba litakapokaa! Panda juu ya stuli. Pitiliza shibiri kila upande. Haya, upana?"

"Mita mbili na nusu," alisema kutoka juu ya stuli.

"Urefu hadi sakafuni. Acha vidole viwili, pazia lisifagie."

Alitaja, naye akaandika. Mama akainuka, akachungulia daftari begani kwa bintiye. Mahali pa jina la mteja palikuwa pameandikwa *Kwetu*. Mama aliipangusa miwani yake, akaivaa tena, akainama karibu kabisa na simu.

"Mwanangu," alimwita fundi wa lifti, kwa mara ya kwanza. "Hiyo nyumba ina chumba cha pili?"

"Kipo, Mama. Kidogo."

"Nacho kipime. Mimi nikija kuwatembelea, silali kwenye mwanga."